Mgombea wa Kongresi Marekani: michango ikishaingia benki, inaruhusiwa kulipa nini?

Kombo_Hazina

Habari zenu wakuu. Naomba mwongozo kwa wanaoijua sheria ya fedha za kampeni ya Marekani, ngazi ya shirikisho. Mgombea ni raia, anawania kiti cha Baraza la Wawakilishi mwaka huu wa 2026. Fomu 1 (usajili wa kamati) na Fomu 2 (tamko la kugombea) zimeshafika Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho (FEC), akaunti ya kamati ipo, mweka hazina ni mimi. Pesa zimeanza kuingia na kila mwanakamati ana lake la kusema.

Maswali ni haya. Gari ni la mgombea mwenyewe: kamati ilipe mafuta tu, au hata rejesho la mkopo wa gari? Amepunguza zamu kazini ili azunguke jimboni, je, anaweza kulipwa? Mlezi wa watoto jioni za mikutano? Suti ya mdahalo? Ofisi ni chumba kimoja nyumbani kwake, kamati imlipe kodi? Halafu kuna misiba, kuna kanisa, kuna msikiti, na jamii inategemea mgombea atoe chochote.

Naomba majibu yenye viwango na tarehe, maana jina lililo kwenye Fomu 1 ni langu.

---

Hesabu_Safi

Kombo, anza na swali moja ambalo sheria yote ya matumizi binafsi imejengwa juu yake: gharama hii ingekuwepo hata kama mtu huyu asingegombea? Kama ingekuwepo, mchango hauwezi kuilipa. Makosa mengi huanzia pale kamati inapojiuliza swali jingine, "je, itamsaidia mgombea?" Suti itamsaidia. Kodi ya nyumba itamsaidia pia. Lakini angevaa na angelala ndani hata bila kampeni.

Yapo matumizi ambayo kanuni zimeyataja kwa jina kuwa ni binafsi, na hapo hakuna mjadala: chakula na vifaa vya nyumbani, nguo, ada ya shule, kodi au mkopo wa nyumba pamoja na umeme na maji yake, likizo, tiketi za mpira au tamasha zisizo sehemu ya shughuli ya kampeni, ada ya klabu ya mazoezi, uwekezaji. Nguo zilizoachwa nje ni za thamani ndogo kama fulana zenye jina la kampeni. Kwa hiyo suti ya mdahalo hapana, hata kama ameinunua asubuhi ya mdahalo wenyewe.

Chumba cha nyumbani pia hapana. Kamati hairuhusiwi kumlipa mgombea wala familia yake kwa kutumia sehemu yoyote ya makazi yao. Akiwa na fremu ya duka au ofisi isiyo makazi, hiyo inaweza kupangishwa kwa kamati kwa bei ya soko, isizidi. Akitaka chumba cha nyumbani kitumike, kitumike bure. Laini ya simu ya kampeni peke yake, wino na karatasi za kampeni, hizo kamati inalipa.

Gari ndilo linalowachanganya wengi. Gari linalotumika pia kwenda sokoni na kupeleka watoto shule halilipiwi rejesho zima na kamati. Njia salama ni daftari la maili: tarehe, alikotoka, alikokwenda, shughuli, maili. Kamati imrudishie kwa maili za kampeni peke yake. Kama kamati ndiyo yenye gari na mgombea akalitumia kwa mambo yake zaidi ya kidogo sana, anatakiwa ailipe kamati ndani ya siku 30. Daftari lijazwe siku ile ile. Daftari lililojazwa Desemba kwa kumbukumbu huonekana: maili zote zinaishia na sifuri na wino ni mmoja.

Mlezi wa watoto inaruhusiwa. Mwaka 2018 mgombea wa New York, Liuba Grechen Shirley, aliiuliza FEC jambo hilo hilo, na Tume ikajibu kwamba malezi yanayosababishwa moja kwa moja na shughuli za kampeni yanaweza kulipwa. Zingatia neno "moja kwa moja". Saa za mkutano na safari yake, sawa. Saa ambazo mlezi angekuwepo hata hivyo kwa sababu mgombea yuko kazini kwake, hapana. Mlezi aandike saa, na karatasi ya saa iendane na ratiba ya kampeni.

Mshahara unaruhusiwa, na kanuni mpya zilianza tarehe 1 Machi 2024. Mgombea asiyeshika wadhifa wa shirikisho anaweza kulipwa tangu siku alipowasilisha Fomu 2. Kikomo ni kilicho kidogo kati ya viwili: nusu ya mshahara wa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi (mshahara ni dola 174,000 kwa mwaka, kwa hiyo nusu ni 87,000), au wastani wa kipato chake cha kazi kwa miaka 5 ya kalenda iliyotangulia. Kisha kipato cha kazi anachopata kwingine wakati wa kampeni kinatolewa. Mfano: wastani wake ni 48,000 kwa mwaka, na zamu alizobakiza zinamwingizia 20,000 kwa mwaka. Kamati inaweza kumlipa kwa kiwango cha 28,000 kwa mwaka, yaani takriban dola 76.70 kwa siku. Ashike marejesho yake ya kodi ya miaka hiyo 5, maana FEC ikitaka ushahidi wa kipato, ni wajibu wake kuutoa.

Mke, mume, kaka au binamu anaweza kuajiriwa, ila awe anafanya kazi ya kweli na alipwe bei ambayo mtu baki angelipwa. Mkataba mfupi na karatasi ya saa vinatosha kuthibitisha. Bila hivyo, malipo kwa ndugu ndiyo ya kwanza kuulizwa.

---

BintiMvita

Hesabu_Safi ameeleza vizuri, naongeza upande wa makaratasi, maana matumizi halali yasiyo na karatasi hayatofautiki na matumizi haramu.

Kila malipo yatoke kwenye akaunti ya kamati kwa hundi, kadi ya benki ya kamati au uhamisho wa benki. Fedha taslimu za matumizi madogo zinaruhusiwa, lakini si zaidi ya dola 100 kwa manunuzi mamoja, na ziwe na daftari lake lenye jina la aliyelipwa, tarehe, kiasi na sababu. Malipo yakizidi dola 200 lazima kuwe na risiti, ankara au hundi iliyolipwa. Na malipo kwa mtu au duka moja yakijumlika kupita dola 200 katika mzunguko wa uchaguzi, yanaorodheshwa kwenye taarifa: jina, anwani, tarehe, kiasi, madhumuni.

Kwenye madhumuni ndipo barua za FEC za kuomba maelezo zinapozaliwa. Usiandike "mengineyo", "gharama", "marejesho ya gharama", "huduma za nje", "gharama za siku ya kupiga kura" wala "kuhamasisha wapiga kura". Kanuni zimeyakataa maneno hayo waziwazi. "Ushauri" peke yake nayo haitoshi, sema ushauri wa nini. Andika "mshahara", "chakula cha mkutano", "uchapishaji wa vipeperushi", "usafiri", "matangazo ya redio".

Usidhani ukikaa chini ya 200 huonekani. Taarifa za George Santos, mbunge wa New York wakati huo, zilikuwa na matumizi mengi ya dola 199.99, senti moja chini ya mstari wa risiti, na ni mrundikano huo wenyewe uliovuta macho ya waandishi. Tarehe 1 Desemba 2023 alifukuzwa Barazani, na Aprili 2025 akahukumiwa miezi 87 kwa ulaghai na wizi wa utambulisho, ingawa Rais alimpunguzia adhabu Oktoba mwaka huo. Jesse Jackson Jr., aliyekuwa mbunge wa Illinois, alipata miezi 30 mwaka 2013 kwa takriban dola 750,000 za kampeni, ikiwemo saa ya Rolex ya dola 43,350. Hawa hawakuangushwa na utata wa sheria. Kwa Jackson yalikuwa manunuzi ya dukani kwa kadi ya kamati.

Kwa sababu hiyo mgombea asibebe kadi ya kamati. Alipe kwa kadi yake, alete risiti, arudishiwe. Na mtu mwingine wa kampeni akilipia safari yake mwenyewe kwa kadi yake ya mkopo, arudishiwe ndani ya siku 60 tangu tarehe ya kufunga ankara ya kadi. Akilipa taslimu, siku 30. Ukichelewa, fedha yake inageuka kuwa mchango na inahesabiwa kwenye kikomo chake.

Misiba: kamati hailipi mazishi, isipokuwa kifo cha mgombea, mfanyakazi au mtu wa kujitolea wa kampeni kilichotokana na shughuli za kampeni zenyewe. Shada la maua au zawadi ya thamani ndogo kwa mfiwa asiye wa familia ya mgombea inakubalika. Rambirambi ya bahasha atoe mfukoni mwake. Ajue kulitenganisha hilo mapema, kwa sababu katika jamii zetu atasimamishwa kila wiki.

---

Kombo_Hazina

Ahsanteni sana. Sasa hapo kwenye kuingia. Wazee wanataka tufanye harambee ukumbini: bahasha, mnada wa keki, na wajumbe kutoka miji mingine watakaosema "nimetumwa na wenzangu". Pia kuna ndugu Nairobi na Dar wanaotaka kutuma kwa simu. Pesa hizo zikishaingia naweza kuzitumia kama nyingine?

---

Mzee_wa_Leja

Kombo mdogo wangu, simamisha mipango kwanza usome hapa, kwa sababu harambee kama tunavyoifanya nyumbani inavunja sheria hii sehemu nne ndani ya saa moja. Pesa ikiingia vibaya huwezi kuitumia vizuri.

Ya kwanza ni bahasha. Fedha taslimu kutoka kwa mtu mmoja mwisho ni dola 100. Ikizidi, rudisha ziada mara moja. Kama bahasha haina jina, mwisho ni dola 50, na ziada haiwezi kubaki kwenye kampeni wala kugusa uchaguzi wowote wa shirikisho, itolewe kwa jambo jingine halali. Kwa hiyo mlangoni weka meza yenye kadi za kujaza: jina kamili, anwani, kazi, mwajiri, na sahihi chini ya maneno kwamba pesa ni zake mwenyewe na yeye ni raia au mkazi wa kudumu. Kisheria jina na anwani vinahitajika mchango ukizidi 50, kazi na mwajiri ukizidi jumla ya 200 kwa mzunguko, lakini mjaze wote, maana aliyetoa 60 leo atatoa 150 mwezi ujao na hutampata tena. Akiacha nafasi wazi, muombe tena kwa maandishi au kwa simu ndani ya siku 30, na utunze ushahidi wa kumuomba.

Ya pili ni "nimetumwa". Hapa pana jela. Mchango kwa jina la mtu mwingine ni kosa la shirikisho, kwa anayetoa, kwa anayekubali jina lake litumike, na kwa anayepokea akijua. Mjumbe akisimama na dola 2,000 za watu 20, usipokee fungu. Pokea michango 20, kila mmoja na kadi yake na kiasi chake halisi. Akikosa majina, amrudishie kila mtu na kila mtu atoe mwenyewe kwenye ukurasa wa mtandaoni. Mwiko ni mwenye uwezo kuwagawia wenzake pesa ili wachange kwa majina yao.

Ya tatu ni mnada. Keki ikinunuliwa dola 500, mchango ni 500 zote, huwezi kutoa thamani ya keki. Na aliyeileta keki naye amechangia thamani yake ya soko, mwandike. Mchango wa mtu mmoja kwa mgombea mmoja, mzunguko wa 2025–2026, ni dola 3,500 kwa kila uchaguzi: mchujo ni mmoja, uchaguzi mkuu ni mwingine. Bahasha, keki na alichotuma mtandaoni vinajumlishwa pamoja.

Ya nne ni ndugu wa nyumbani. Asiye raia wa Marekani na asiye na ukaazi wa kudumu hawezi kutoa hata dola moja, si kwa mgombea, si kwa kulipia ukumbi, katika uchaguzi wowote, wa shirikisho, wa jimbo au wa mji. Hii inawahusu pia walio hapa kwa viza ya masomo au ya kazi. Wanaweza kujitolea bila malipo, kupiga simu, kubisha hodi milangoni, lakini wasiingie kwenye maamuzi ya matumizi ya kamati. Raia wa Marekani anayeishi Nairobi anaruhusiwa. Mchango ukitoka anwani ya nje, muombe nakala ya pasipoti ya Marekani isiyokwisha muda na uiweke faili. Na shangazi asimtumie mpwa wake aliye Texas pesa ili "amchangie". Hapo makosa mawili yamefanyika kwa muamala mmoja.

Pilau sasa. Mtu binafsi anaweza kutumia mpaka dola 1,000 kwa kila uchaguzi kwa chakula, vinywaji na mialiko, nyumbani kwake au katika ukumbi wa kanisa au wa jamii, na isihesabiwe mchango. Ikizidi, ziada ni mchango. Mgahawa uliosajiliwa kama kampuni ukileta sufuria bure, huo ni mchango wa kampuni na umepigwa marufuku. Lipa ankara.

Pesa zote zifike mkononi mwako ndani ya siku 10, nawe uzipeleke benki ndani ya siku 10 tangu uzipokee. Usizitoe kwenye bahasha kumlipa mpiga picha wa ukumbini. Ziingie benki kwanza, zitoke benki.

---

Taa_ya_Bandari

Nyongeza fupi kwa Mzee_wa_Leja. "Kampuni" isichanganywe na kila LLC (aina ya biashara ambayo wenye nayo hawadaiwi binafsi madeni yake). LLC inayolipa kodi kama ubia inaweza kuchangia, na mchango unagawanywa pia kwa wabia kwenye vikomo vyao. Ile iliyochagua kulipa kodi kama kampuni hairuhusiwi. Hundi ikija yenye jina la biashara, uliza kabla ya kuitumia. Ukiwa na shaka, iweke benki ndani ya siku 10, usiiguse, na ukikosa uthibitisho irudishe ndani ya siku 30 tangu uipokee. Iliyozidi kikomo una siku 60 za kurudisha ziada, au kupata maandishi ya mchangiaji ya kuihamishia uchaguzi mwingine au kwa mwenzi wake waliyetoa pamoja.

Makato ya ukurasa wa michango: mtu akitoa 100 na zikafika 96, andika mchango 100 na matumizi 4. Wengi huandika 96 na benki haikubaliani na taarifa miezi yote iliyobaki.

Na wasomaji wengine: haya yote ni ya Kongresi na urais. Bunge la jimbo au baraza la mji lina sheria zake. Texas, kwa mfano, haina kikomo cha mchango wa mtu binafsi kwa mgombea wa bunge la jimbo. Marufuku ya fedha za wageni ndiyo inayokufuata kila ngazi.

---

Kombo_Hazina

Nimeelewa, harambee inapangwa upya. La mwisho: akishindwa kwenye mchujo na pesa zimebaki, au akishinda na deni limebaki? Na kanisa?

---

BintiMvita

Akishindwa mchujo, michango iliyotolewa kwa ajili ya uchaguzi mkuu si yake tena. Ndani ya siku 60 tangu siku ya mchujo uwe umeirudisha, au umepata maandishi ya mchangiaji ya kuielekeza kwingine inakoruhusiwa. Ndiyo maana tangu leo uiweke kwenye akaunti ya pili, au hesabu zako zionyeshe kila siku kwamba salio halijashuka chini yake. Kamati zinazoitumia kabla ya mchujo, wakidhani watashinda, huishia kudaiwa na watu wao wenyewe.

Salio halali la mchujo linaweza kurudishwa kwa wachangiaji, kwenda kwa chama bila kikomo, kwa mgombea mwingine wa shirikisho mpaka dola 2,000 kwa uchaguzi, au kwa taasisi ya hisani, na hapo ndipo kanisa na msikiti vinapoingia. Sharti ni kwamba taasisi iwe inatambulika kwa sheria ya kodi ya Marekani, na mgombea asilipwe nayo kitu mpaka imalize kuutumia mchango huo. Kanisa la kijijini kwao halimo kwenye ruhusa hiyo. Mgombea hachukui salio, hata kama nusu yake alichangia yeye.

Kama alitia pesa zake na anataka zirudi, ziandikwe mkopo tangu siku ya kwanza kwenye jedwali la mikopo. Mgombea hana kikomo cha kujichangia, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu, kesi ya FEC dhidi ya kamati ya seneta Ted Cruz, iliondoa kikomo cha dola 250,000 cha kurejeshewa mkopo kwa michango ya baada ya uchaguzi. Kwa deni la kawaida, unaweza kuendelea kuchangisha baada ya kura, ila kwa kiasi cha deni halisi tu, michango iandikwe ni ya deni hilo, na kikomo cha 3,500 cha uchaguzi ule bado kinahesabu.

Tarehe za kubandika ukutani: 15 Aprili, 15 Julai, 15 Oktoba, 31 Januari. Ile ya kabla ya mchujo siku 12 kabla ya kura, na kabla ya uchaguzi mkuu wa 3 Novemba ni 22 Oktoba. Zikiangukia wikendi hazisogei. Mchango wa dola 1,000 au zaidi ukiingia ndani ya siku 20 za mwisho, zaidi ya saa 48 kabla ya siku ya kura, utaarifu ndani ya saa 48. Usitulie kwa kusikia kwamba Tume ilikosa akidi ya makamishna 4 mwaka 2025. Taarifa zinaendelea kudaiwa, ukomo wa mashtaka ni miaka 5, na Wizara ya Sheria haihitaji akidi ya FEC. Faili zote zitunzwe miaka 3 baada ya taarifa husika kuwasilishwa.

Kufunga kamati ni mpaka madeni yote yaishe na uwasilishe taarifa ya mwisho. Hata hapo endelea kuwasilisha kwa tarehe zake, salio likiwa sifuri, mpaka FEC ikuandikie kwamba imekubali kufungwa.